HISTORIA YA MFUKO WETU WA UZEENI: BEI IKIPANDA, BEI IKISHUKA



Kamati ya kijitabu imenipa kurasa hizi niandike historia. Mambo ya kuanzishwa kwa kikundi na majina ya viongozi wa kila awamu ameyaandika Katibu, na mahesabu yako kwa Mweka Hazina, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nitaandika juu ya jambo moja tu, lile lililotugombanisha kuliko yote, nalo ni Mfuko wa Uzeeni na zile hisa zake. Shule nimefika darasa la saba, basi mkikuta maneno ya mtaani humu mnivumilie.

Watu wengi wametuuliza, na wengine wametucheka waziwazi, eti wauza vitumbua wa Kilosa na mama ntilie wa Mikumi wanatafuta nini kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam? Jibu lake ni refu kidogo. Linaanzia kwenye katani, maana sisi kupanda na kushuka kwa bei hatukukuona kwanza kwenye hisa.

KATANI NA REJA YA BABA ZETU

Sisi wa Kimamba, Rudewa na vijiji vya kandokando ya reli tumezaliwa ndani ya katani. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani mmoja aitwaye Richard Hindorf. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaja kwetu, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914, na mashamba yakaifuata. Watu walikuja kukata mkonge kutoka kila kona, ndiyo maana Kilosa utamkuta Msagara, Mkaguru, Mvidunda, Mbena na Mmakonde wote ni majirani na wote wanazikana.

Bei ya katani hatukuipanga sisi. Ilipangwa huko kwa wanunuzi. Mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, ilipaa juu sana na wenye mashamba wakaneemeka. Vita vikapungua, bei nayo ikashuka. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa katani zaidi ya tani 230,000, tukawa wa kwanza duniani. Halafu zikaja kamba za nailoni na plastiki. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, lakini mnunuzi aliyeko nje alikuwa ameshapata kamba nyingine ya bei rahisi. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa kama tani 20,000 tu. Huku kwetu pale penye mistari ya mkonge pakaota pori, na nyumba za kambi zikabaki kuta.

Sasa, wazee wale akiba yao ya uzeeni ilikuwa wapi? Mwaka 1964 Serikali ilianzisha Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ambao wazee wengi waliuita kwa herufi zake, NPF. Mfanyakazi alikatwa, mwajiri akaongezea, na siku ya kuacha kazi alilipwa zote kwa mkupuo mmoja. Pensheni ya kila mwezi ilikuja baadaye, mfuko ule ulipogeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alilipwa chake chote, hakudhulumiwa hata senti moja, na karatasi yake ninayo mpaka leo. Lakini shilingi aliyokatwa siyo shilingi aliyolipwa. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa kama shilingi 200, na mwaka 2000 kama 800. Bei za dukani zikafuata mkondo huohuo. Jasho la miaka ishirini na kitu ya kukata mkonge lilinunua mabati ya nyumba ya vyumba viwili, na upande wa jikoni yakapungua.

Wazee wa reli nao walikuwa na yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, waliokuwa wafanyakazi wake walianza kudai mafao, na makubaliano na Serikali yalifikiwa mahakamani mwaka 2005. Hesabu mwenyewe, ni miaka 28. Wapo waliokuwa wanakaa pale stesheni Kilosa wakisubiri habari kutoka Dar es Salaam, na wakafa wakisubiri. Watoto wao wamo ndani ya kikundi hiki.

Nimeyaleta haya kwa sababu katika mikutano yetu kila mara anasimama mtu na kusema, "Mama Mwenyekiti, sisi tuweke pesa yetu sandukuni tu, ya sandukuni haishuki." Mimi humjibu kwamba inashuka. Inashuka usiku umelala, haina wa kukutangazia redioni kwamba leo imeshuka, na hiyo ndiyo tofauti yake na hisa.

MAJI YA MKONDOA, NA MBEGU ZISIZOOTA

Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika ukavunja kingo zake. Waliokuwepo hawana haja ya kusimuliwa. Nyumba zilikwenda, reli ilikatika, watu tukakaa kwenye mahema hadi mwaka 2010 na zaidi. Akiba ya akina mama wakati ule ilikuwa magunia ya mpunga, mbuzi, vitenge, na pesa ndani ya kibubu chini ya kitanda. Vyote hivyo vinalowa na vinaelea.

Mwaka huohuo Serikali ilikuwa imeifunga DECI. Vijana hawaijui, lakini sisi tunaikumbuka. Mtu alikuwa "anapanda mbegu", yaani anatoa pesa, halafu baada ya wiki kadhaa "anavuna" mara mbili au zaidi. Hakukuwa na shamba wala kiwanda nyuma yake. Aliyevuna alivuna pesa ya aliyepanda nyuma yake, mpaka wapandaji wakaisha. Na wa huku kwetu walipanda.

Kwa hiyo mwaka 2015 tulipokaa mara ya kwanza kuunda kikundi, neno "kuwekeza" lilikuwa linanuka. Wenzetu wa Mikumi walikuja na basi kupitia Ulaya (wageni msishangae, hii ni Ulaya yetu ya wilaya ya Kilosa, hata viza haihitajiki) wakiwa na msimamo mmoja tu: tuweke, tukopeshane, mwisho wa mwaka tugawane, twende nyumbani. Ndivyo vikoba vingi vinavyofanya na si vibaya. Lakini kugawana kila Desemba ni kuzuri kwa ada ya shule na sikukuu. Uzeeni hukufiki. Mama akigawiwa laki nne Desemba, Februari hana hata shilingi, na miaka kumi ya namna hiyo humkuta na miaka kumi zaidi mwilini na kibubu kilekile.

Ndipo tukaamua kila mwanachama atoe sh. 10,000 kwa mwezi, mbali na hisa za kikoba za kila wiki, ziende kwenye Mfuko wa Uzeeni. Pesa hii haigawanywi Desemba na haikopeshwi ovyo. Mtu anachukua chake akitimiza miaka 60, au akiugua ugonjwa mkubwa, na akifariki wanapewa warithi aliowaandika. Mjadala wake ulichukua mikutano minne. Mimi nilitaka miaka 55, nikapigiwa kura nikashindwa.

NG'OMBE NA MAZIWA YAKE

Tukashikwa na swali la pili: pesa ya miaka kumi au kumi na tano ikae wapi? Kukopeshana wenyewe kuna mwisho, maana kuna wakati wa mwaka ambapo kila mtu anataka mkopo, na kuna wakati hakuna anayetaka. Mwalimu mmoja mwenzetu ndiye aliyeleta habari za hisa na vipande, akatufundisha kwa mfano ambao tumeendelea kuutumia.

Alisema hivi. Hisa ni kama watu wengi kununua ng'ombe mmoja kwa pamoja. Ng'ombe anatoa maziwa, na hayo ndiyo gawio, kampuni ikipata faida inagawa kwa wenye hisa. Halafu kuna bei ya ng'ombe mwenyewe kule mnadani. Sisi tunaoishi na ndugu zetu Wamaasai wa Parakuyo na Twatwatwa tunaijua bei ya mnadani. Kiangazi kikikaza wauzaji ni wengi, wanunuzi wachache, ng'ombe anauzwa bei ya kutupa. Ng'ombe ni yuleyule. Mwenye haraka anaumia, na mwenye nyasi anangoja mvua. Ila kuna kitu lazima ukikague kabla ya kungoja, nacho ni kama ng'ombe mwenyewe ni mzima au anaumwa. Ng'ombe mgonjwa ukimngoja unangoja mzoga.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba mambo yote yaliyofuata.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998, na kampuni ya kwanza ilikuwa TOL, wale wa gesi ya oksijeni. Mwaka huohuo ikaingia kampuni ya bia, TBL, na hisa zake wananchi waliuziwa sh. 550 moja. Mwaka 2014 hisa hiyo ilipita sh. 10,000. NMB iliuza kwa sh. 600 mwaka 2008, na CRDB kwa sh. 150 mwaka 2009. Ukisikia hesabu ya TBL unaweza kuuza shamba ukanunue hisa, lakini si zote zimekwenda hivyo. Mwaka 2017 Vodacom iliuza hisa kwa sh. 850, Watanzania maelfu wakanunua, na miaka iliyofuata bei ilikaa chini ya hapo kwa muda mrefu sana.

Jirani zetu wa Kenya walitutangulia kwa furaha na kwa machungu. Safaricom ilipouza hisa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, vikundi vya akina mama vilipanga foleni, wengine kwa pesa ya mkopo. Mapema mwaka 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3, na waliokopa benki ikawabidi wauze. Waliobaki waliiona ikipita 40 mwaka 2021, halafu mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 15. Ni kampuni ileile, na simu zake zinapigwa kila siku.

Lakini Kenya hiyohiyo kuna kiwanda cha sukari cha Mumias. Kiliingia sokoni mwaka 2001, wakulima wa miwa wakajivunia hisa zao. Madeni yakakizidi nguvu, na mwaka 2019 benki iliyokuwa inakidai ikaweka msimamizi wake, hisa zikasimamishwa. Sisi tulio jirani na miwa ya Ruembe habari hiyo ilitugusa sana, maana mtu anaona miwa imesimama shambani, anasema hiki kiwanda hakiwezi kufa. Katani nayo ilikuwa imesimama shambani.

TULIVYOGAWA MAFUNGU

Mwaka 2016 tuligawa mfuko mafungu matatu. Fungu moja likabaki kwenye akaunti yetu ya benki. Fungu la pili, ndilo kubwa, tukanunua vipande vya UTT. Hii ni taasisi ya Serikali inayokusanya pesa za watu wengi, inanunua hisa na hatifungani, na kila mtu anamiliki vipande. Mfuko wake wa Umoja ulianza mwaka 2005. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kutoka hutafuti mnunuzi, unawauzia wenyewe kwa bei ya kipande ya siku hiyo na unalipwa baada ya siku chache za kazi. Fungu la tatu, dogo kuliko yote, likaenda kwenye hisa za kampuni mbili kupitia dalali wa soko. Majina ya kampuni hizo nimeambiwa nisiyaandike, na wanachama mnayajua.

Watu hawaelewi kwamba soko letu ni dogo. Unaweza kutangaza unauza hisa zako na zikakaa wiki, hata miezi, bila mnunuzi. Bei imeandikwa, lakini bei bila mnunuzi ni kama bei ya muhogo njiani gari lisiposimama. Wenzetu wa Mikumi wanaouza barabara kuu ya kwenda Iringa mfano huu waliuelewa mara moja.

MWAKA 2019 NA 2020

Miaka miwili ya kwanza mambo yalikwenda kimya. Gawio liliingia, dogo, likakatwa kodi ya asilimia 5 kama sheria inavyotaka, sisi tukalirudisha mfukoni. Halafu bei zikaanza kushuka mwezi baada ya mwezi. Nitatoa mfano wa CRDB kwa kuwa bei zake zilitangazwa magazetini. Mwaka 2015 iliwauzia wenye hisa wake hisa mpya kwa sh. 350. Mwisho wa mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa chini ya sh. 100. Kampuni zetu mbili nazo zilishuka, moja sana na nyingine kidogo.

Mkutano wa Januari 2020 ulifanyika Kilosa na sitausahau. Kuna mama alisimama akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Mwenyekiti, hii DECI yako ya pili inatofautianaje na ile ya kwanza?" Watu wakapiga makofi. Sikukasirika, maana lilikuwa swali la haki. Nikamwomba yule mwalimu asome kwa sauti ripoti za kampuni zetu. Hatukuelewa yote, kuna kurasa hata mwalimu mwenyewe aliruka. Lakini tulijua kuuliza mambo matatu ya ng'ombe: je, kampuni inapata faida? Deni lake linalipika? Maziwa yanatoka? Majibu yalikuwa ndiyo. Hata kwa ile CRDB ya mfano, kwa mwaka huo wa 2019 ilitoa gawio la sh. 17 kwa hisa, wakati hisa yenyewe mnadani haifiki mia. Ng'ombe alikuwa mzima, ila mnada ulikuwa mbaya.

Tukakubaliana kutouza. Makubaliano yale yalidumu miezi miwili.

Machi 2020 ikaja korona. Kilosa tulihangaika kama watu wote, lakini Mikumi iliumia zaidi. Mikumi inaishi kwa mbuga, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, na inaishi kwa barabara. Ndege zilipoacha kuja watalii waliisha kama maji ya kisima. Wapishi wa hoteli, wafua mashuka, wauza vinyago, wenye vibanda vya chakula, karibu nusu ya wanachama wa tawi la Mikumi walikaa bila kipato. Tawi likaleta barua: uzeni hisa, uzeni vipande, tugawane, tunakufa njaa sasa na ninyi mnatuwekea ya uzeeni.

Hapa ndipo kikundi kilikaribia kuvunjika. Tawi la Kilosa, ambalo lina walimu na wauguzi wenye mshahara, lilisema katiba ni katiba. Mtu mwenye mshahara tarehe 25 anaweza kusema katiba ni katiba. Mimi niliona barua ya Mikumi ina haki, na niliona pia kwamba kuuza hisa wakati ule ni kuuza kwa bei ya kutupa, tena pengine bila mnunuzi.

Tulichofanya ni hiki. Fungu la benki lote tulilitoa likawa mkopo wa dharura kwa tawi la Mikumi, riba sifuri, kurejesha biashara ikirudi. Lilipoisha tukauza sehemu ya vipande vya UTT, ambavyo bei yake haikuwa imeanguka kama hisa kwa kuwa ndani yake mna hatifungani. Hisa hatukuzigusa. Mikopo ile ilirudi polepole, ya mwisho mwaka 2022, isipokuwa ya wawili ambao tumewasamehe kwa sababu mnazozijua.

Mwanachama mmoja hakuungoja utaratibu huo. Mwanawe alikuwa amelazwa Morogoro, akadai sehemu yake yote, na hisa zake, kwa hesabu ya bei ya siku ile. Tukampa, kwa kuwa katiba iliruhusu ugonjwa. Alipata kama theluthi moja tu ya pesa aliyoweka kwenye fungu lile la hisa. Wapo wanaomsema mpaka leo kwamba alikosa subira. Nawaomba waache. Mtoto yuko hai. Pesa ya hospitali haiwezi kungoja mnada uchangamke, na baada ya tukio hilo tuliandika kanuni mpya: pesa ambayo mwanachama ataihitaji ndani ya miaka mitatu haikai kwenye hisa.

WALIMU NA KIKOKOTOO

Wakati sisi tunahangaika na hayo, wenzetu watumishi walikuwa na mtihani wao. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF, na kanuni mpya ikaja kwamba mstaafu apewe asilimia 25 kwa mkupuo na nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Waliozoea kutegemea asilimia 50 walishtuka. Desemba 2018 Rais Magufuli aliisimamisha kanuni hiyo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandisha kuwa 40 kwa wale waliokuwa wa asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa wa asilimia 25.

Mwanzoni sisi wasio na mshahara tuliona ni ugomvi wa wenye shibe. Baadaye nilielewa. Mwalimu amepanga miaka thelathini kwamba mkupuo utamaliza nyumba na kununua mashine ya kusaga, na hesabu inabadilika akiwa amebakiza miaka miwili. Hata hivyo mimi nina maoni yangu, na Katibu ameniruhusu niyaandike: ile ya kila mwezi msiidharau. Mkupuo una ndugu wengi. Pesa ya kila mwezi haina ndugu wengi kiasi hicho, na baba yangu angeipata asingehesabu mabati.

BEI ZILIPORUDI

Kuanzia mwaka 2021 bei zilianza kupanda. Ile CRDB ya mfano mwaka 2024 ilipita sh. 600, na gawio lake kwa mwaka 2023 lilikuwa sh. 50 kwa hisa. Hisa zetu mbili nazo zilipanda. Moja imezidi mara mbili ya bei tuliyonunulia, na nyingine imerudi palepale ilipoanza, baada ya miaka minane.

Mtadhani hapo ugomvi uliisha. Uliongezeka. Waliotaka tuuze mwaka 2020 sasa walitaka tuhamishie kila kitu kwenye hisa. Mama yuleyule aliyeniuliza habari za DECI alileta hoja tukope benki tununue zaidi (nampenda sana na anajua ninamtania). Nikamkumbusha waliokopa Kenya mwaka 2008. Bei iliyopanda inamfanya kila mtu awe mtaalamu, na vijana wana simu, wanaangalia bei kila asubuhi kwenye Hisa Kiganjani kabla hata ya kuosha uso.

Mstaafu mmoja wetu, mwalimu, alipopata mkupuo wake mwaka 2024 alikuja nyumbani kwangu usiku kuniomba ushauri. Alitaka kuweka zote kwenye hisa za benki. Nilimuuliza kama moja haifiki sitini. Alisema amepita, ndiyo maana ana haraka. Tulikaa mpaka taa ikaisha mafuta, umeme ulikuwa umekatika. Mwisho alinunua hatifungani ya Serikali kwa sehemu kubwa. Hii ni kuikopesha Serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni moja, na inakulipa riba mara mbili kwa mwaka. Riba za hatifungani nazo hazisimami mahali pamoja. Ile ya miaka 20 ilikuwa asilimia 15.49, na mwaka 2022 mpya zikatolewa kwa 12.10. Lakini aliyenunua ya zamani anaendelea kulipwa ya zamani mpaka muda wake uishe, na hilo mzee anaweza kulipangia. Sehemu ndogo aliweka kwenye hisa, akasema hiyo ni ya wajukuu. Nilimwona amelala usingizi mzuri katika basi tulipokwenda Mikumi mwezi uliofuata.

HALI ILIVYO LEO

Tunapoadhimisha miaka kumi, mfuko una mafungu manne, la nne likiwa hatifungani. Kikundi kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na hesabu hukaguliwa na mtu ambaye si mwanachama. Treni mpya ya umeme inapita kwetu tangu mwaka 2024, kwa hiyo safari ya kwenda kwa dalali Dar es Salaam iliyokuwa siku mbili sasa unakwenda na kurudi siku moja.

Mwakani wanachama watatu wanatimiza miaka 60, na ndio wa kwanza kulipwa na mfuko huu kwa sababu ya umri. Kufuatana na kanuni ya miaka mitatu, sehemu yao ya hisa tumekuwa tukiiuza kidogo kidogo tangu mwaka 2023 na kuihamishia kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT, ili siku yao ikifika pasiwe na habari ya kusubiri mnunuzi. Wawili wamekubali. Wa tatu, mama ntilie wa Mikumi, amekataa katakata. Anasema hisa zake asiuziwe, ziandikwe jina lake mwenyewe, yeye maziwa yanamtosha na ng'ombe atamwachia mjukuu. Katiba haisemi kitu juu ya ombi kama hilo. Litajadiliwa na kupigiwa kura Jumamosi ya sherehe, pale Mikumi, saa nne asubuhi kabla ya chakula. Wanaotoka Kilosa nauli yao imekwishalipwa, basi litaondoka stendi saa kumi na mbili kamili.